Risala ya Wamethodisti wa Bagamoyo kwa Mgeni Rasmi, Ibada ya Shukrani ya Kufunga Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Msimamizi wa Mzunguko wetu wa makanisa,
Mchungaji wetu mpendwa,
Wazee wa kanisa, wahubiri na viongozi wa madarasa,
Akina mama, vijana na watoto wa Shule ya Jumapili,
Mzee wetu Balozi, na ninyi majirani Waislamu mlioitikia mwaliko wetu,

Bwana Yesu asifiwe! Na kwenu majirani, asalaam aleikum.

Baba, karibu Bagamoyo. Karibu uketi chini ya bati. Ulipokuja mara ya mwisho tulikupokea chini ya turubai la bluu, na katikati ya mahubiri yako upepo wa bahari ukalichomoa upande mmoja, vijana wanne wakasimama kushika kamba mpaka ukasema Amina. Leo hakuna wa kushika kamba. Tunamshukuru Mungu, na tunakushukuru wewe uliyeendelea kuhubiri siku ile.

Ni desturi risala ianze na mafanikio. Baraza la kanisa limekaa, likakubaliana kwamba safari hii tuanze na lililotuuma, kwa sababu mema yote tutakayokueleza yametoka humo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tulimzika mzee wetu. Alikuwa mvuvi, akikaa peke yake kwenye chumba cha kupanga Magomeni, na ni mmoja wa watu saba walioanza kusali pamoja hapa, enzi za kukaa chini ya mwembe. Aliugua wiki tatu. Katika wiki hizo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya zamu ya kufagia kanisa, na kila Jumamosi kuna mkono ulioweka alama kuwa hakufika. Hakuna aliyeuliza amepatwa na nini. Aliyempikia uji, akamfulia shuka, akamwitia bajaji ya kumpeleka hospitali ni jirani yake, mama wa Kiislamu anayeuza vitumbua, ambaye leo yuko nasi mstari wa mbele na ametupa ruhusa kulisema hili. Mwanawe ndiye aliyeshika sururu tangu alfajiri kuchimba kaburi. Tulipofika na kwaya yetu na sare zetu, kijana yule alimgeukia mzee mmoja wa kanisa akamwuliza kwa upole kabisa, "Kwani ninyi mlikuwa wapi?"

Baba, hatukuwa na la kujibu. Jumapili iliyofuata Mchungaji alisimama, akalirudia swali lile kama lilivyoulizwa, akaketi. Tulikaa kimya muda mrefu. Watoto ndio walioanza kuhangaika.

Ndipo mmoja wa wahubiri wetu alipotukumbusha jambo lililo katika asili yetu wenyewe. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol kule Uingereza, Wamethodisti wa kwanza walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Wakakutana kutafuta namna ya kulilipa. Kapteni Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki mpaka deni liishe. Wakamwambia, wengi wetu ni maskini, hawaiwezi hata hiyo peni. Akajibu, basi nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Nitawapitia kila wiki, na asiyeweza nitamtolea mimi. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Lakini walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kuokota peni, wakaanza kuona yaliyomo ndani ya nyumba hizo: ugonjwa, ulevi, mke na mume wasiosemezana. Wakampelekea John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, habari, naye akatambua mara moja kwamba jambo alilokuwa akilitafuta kwa muda mrefu limemjia kupitia deni. Hilo ndilo darasa la Kimethodisti. Halikuanza kama somo, lilianza kama hodi mlangoni.

Sisi nasi tulikuwa na deni. Mabati haya tuliyachukua kwa mkopo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tulikuwa tukidaiwa shilingi 840,000. Tukajigawa madarasa manne kwa kufuata mitaa tunayokaa: Magomeni, Dunda, Nianjema na upande wa Kaole. Kila darasa watu kumi na wawili pamoja na kiongozi, kila mtu shilingi mia tano kwa wiki, na sharti moja tu: pesa haiji kanisani. Kiongozi anaifuata nyumbani. Asipomkuta mtu, anarudi kesho.

Tukaona mambo. Kiongozi wa darasa la Dunda ni mama mtu mzima, mchuuzi wa dagaa, anayetembea na daftari la shule lenye jalada la kijani na penseli aliyoifunga kwa uzi ili isipotee. Wiki ya pili alipiga hodi kwa ndugu mmoja ambaye tulikuwa tukimnong'ona kuwa amerudi nyuma kiimani. Alimkuta na mkewe na watoto watatu wakila muhogo wa kuchemsha na chumvi, saa tisa mchana, na hicho ndicho kilikuwa chakula cha kutwa. Nyavu zake zilikuwa zimechanika kwenye mwamba tangu mwaka jana, hana uzi wa kushonea, naye alikuwa akiona aibu kuja kanisani mikono mitupu. Mama akalifunga daftari, akala nao muhogo. Ukurasa wa ndugu yule una alama kumi na moja mfululizo. Mia tano zote hizo zilitoka kwenye dagaa. Darasa likachanga uzi, vijana wetu wakakaa naye jioni tatu ufukweni wakishona. Wiki ya kumi na mbili alitoa mwenyewe. Leo yuko pale nyuma, na ni yeye aliyeleta samaki utakaokula mchana huu, Baba.

Deni lilikwisha wiki ya pili ya Novemba. Tuliposoma hesabu mbele ya kanisa watu walipiga vigelegele. Madarasa yakaendelea kupita wiki iliyofuata bila kuambiwa na mtu.

Liko jingine, na hili ni zito zaidi. Katika nyumba mojawapo kiongozi wa darasa alizoea kupokewa vizuri. Kila alipofika binti mdogo alileta maji ya kunawa na chai, kisha akarudi kusimama nyuma ya mlango. Mara ya nne kiongozi akamwuliza jina lake. Aliyejibu ni mwenye nyumba. Basi akaanza kuuliza taratibu, na ikajulikana kuwa binti yule ana miaka 13, aliletwa kutoka bara kwa ahadi ya kusomeshwa, anaamka saa kumi usiku kukaanga samaki wa biashara, na ujira wake hajawahi kuushika kwa mkono wake. Nyumba ile, Baba, ni ya muumini wa kanisa hili. Binti yule alituimbia Pasaka.

Tunalisema hili mbele yako na mbele ya majirani kwa sababu ya mahali tulipo. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara kutoka Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wazee wa mji huu wanalieleza jina lake kwa namna mbili: wapagazi walibwaga hapa mizigo ya pembe wakapumzisha moyo, na waliofungwa minyororo waliiona bahari wakabwaga moyo. Sisi tunazishika simulizi zote mbili. Na Wesley tunayemwita baba yetu, mwaka 1774 alichapisha kijitabu cha kuilaani biashara ya watumwa wakati wakubwa wengi wa nchi yake wakitajirika kwayo. Barua ya mwisho inayojulikana aliyoiandika ilikuwa juu ya jambo hilohilo. Alikuwa mzee wa miaka 87, siku chache kabla ya kufa, naye alimwandikia mbunge William Wilberforce asichoke kuipiga vita biashara hiyo bungeni. Tarehe ya barua ile ni 24 Februari 1791.

Vijana wetu ndio waliogundua kwamba tarehe hiyo ina habari nyingine hapahapa kwetu. Tarehe 24 Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao waliufikisha Bagamoyo mwili wa bwana wao David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti aliyekuwa ameandika sana juu ya maovu ya utumwa, baada ya kuubeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ulilazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, kabla ya kuvushwa Unguja. Miaka 83 kati ya barua na jeneza. Kanisa lenye kumbukumbu ya namna hiyo, katika mji wa namna hii, lilikuwa na mtoto nyuma ya mlango.

Mwenye nyumba alikiri mbele ya darasa lake. Hakutengwa, darasa lilikaa naye usiku mzima na wazazi wa binti wakapigiwa simu. Ujira wa miezi yote umelipwa kidogo kidogo na umewekwa kwenye akaunti ya mama yake. Binti mwenyewe alichagua kubaki hapa kusoma, anakaa kwa mama mmoja wa darasa la Kaole, na tangu Julai yuko shuleni. Leo ameketi na wenzake wa kwaya ya watoto kama mtoto mwingine yeyote.

Mengine tuyapitie upesi. Shamba la muhogo la akina mama limetoa mavuno mazuri na sehemu ya mavuno ilikwenda kwa wagonjwa. Kwaya ya vijana imepata sare. Ubatizo tumekuwa nao mara mbili, na watoto wa Shule ya Jumapili wameongezeka mpaka mkeka hautoshi. Mvua za masika ziliangusha ukuta wa upande wa choo, tumeusimamisha tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tukueleze tunakokwenda.

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya tunataka kufanya Ibada ya Agano chini ya paa hili kwa mara ya kwanza. Wesley aliianzisha mwaka 1755, na Wamethodisti kote duniani hufungua nayo mwaka: mtu anajikabidhi upya kwa Mungu, atumiwe au awekwe kando, akubali kazi au akubali maumivu. Miaka yote tumeisoma kama maneno ya kwenye karatasi. Safari hii kila darasa litasimama pamoja kuitamka, wote kumi na wawili, na kiongozi wao mbele. Tunakuomba uje utuongoze wewe mwenyewe.

Tarehe 24 Februari vijana watatembea kutoka hapa hadi Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, wapite kwenye magofu ya enzi za misafara, wamalizie ufukweni wanakotua ngalawa. Watasoma barua ya Wesley kwa Kiswahili walichokitafsiri wenyewe, na majirani zetu wa dini zote wamealikwa. Baada ya hapo madarasa yote manne, mwaka mzima, yataongeza swali moja kwenye kila hodi: nani yuko katika nyumba hii ambaye hatujasikia jina lake?

Tunayo maombi, Baba. Mchungaji wetu anahudumia vituo vitatu kwa pikipiki moja, na kwetu hufika Jumapili mbili kwa mwezi. Hatulalamiki, tunajua mzunguko ni mpana. Lakini viongozi wetu wa madarasa wanakutana na mambo makubwa: msiba, deni la kausha damu lenye riba ya kuumiza, mke aliyepigwa, mtoto aliyefichwa. Wanakwenda kwa moyo tu. Mama wa Dunda ameniambia niseme neno hili kama alivyolisema: "Mimi najua kuuza dagaa na kuomba. Nifundisheni nifanye nini nikikuta damu." Tunaomba mzunguko uandae mafunzo kwa viongozi hawa, hata ya siku tatu, na mtu wa ustawi wa jamii awepo kuwafundisha. Hili ndilo ombi letu la kwanza, na kama utatimiza moja tu, tunaomba liwe hili.

La pili, kiwanja hiki bado hakijapimwa. Mji unakua, viwanja jirani vinauzwa kila siku, na barua zetu zimekaa muda mrefu bila majibu. Tunaomba sauti yako itusindikize.

Saruji ya sakafu hatukuombi. Tumekwishaichukua kwa mkopo juzi, duka lilelile, na madarasa yanaanza kuilipia wiki ijayo.

Mezani mbele yako, Baba, kuna madaftari manane. Manne yamechakaa, lile la kijani limeingia mafuta ya dagaa. Hayo ni ya mwaka huu, yafungue popote upendapo. Manne ni mapya na hayana neno hata moja. Tunaomba uweke sahihi yako kwenye ukurasa wa kwanza wa kila moja, kisha uwakabidhi viongozi wanne watakaoitwa sasa mmoja mmoja kwa majina.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Baraza la Kanisa,
kwa niaba ya waumini wa Methodisti, Bagamoyo