Barua kwa mwanangu anayeandika kuhusu joto

Ruai, Nairobi
Februari, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila jua la mwaka huu limetuzidi. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa chini ya mwembe maana ndani ya mabati hakukaliki. Umenitia hofu kweli. Pale unapoeleza kwamba hewa ikijaa joto na unyevu jasho halikauki, mwili ukakosa namna ya kujipoza hata mtu akae kivulini, niliweka karatasi chini nikanywa maji. Na umefanya vyema kutuonya sisi tunaodhani joto ni la Mombasa na Garissa, ati Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari.

Lakini mwanangu, katika kurasa zote zile hakuna anayekula. Wanakimbia, wanazimia, wanagombania umeme. Sukuma wiki yao inatoka wapi? Nani ameamka kuichuma?

Joto lako linaingia mjini kwa siku moja. Mimi huku naliona likija kimyakimya. Juzi saa sita mchana niligusa kishada cha maua ya nyanya, matatu yakanidondokea kiganjani, vikonyo vimegeuka manjano pale kwenye kifundo. Hakuna mdudu, hakuna ugonjwa. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi, chavua ya nyanya hudhoofika, ua likakataa kushika tunda. Nilisimama pale nikihesabu kreti ambazo sitauza mwezi wa nne. Hofu yangu mimi ndiyo hiyo, na sijaiona popote katika hadithi yako.

Kisha nikaenda kwenye mchicha wetu, terere, tuta lile ulilonisaidia kutandaza nyasi kavu ukalalamika mgongo. Nikapenyeza mkono chini ya nyasi: udongo baridi, una unyevu, na nyungunyungu amejikunja. Hatua mbili kando, penye udongo mtupu, mkono haukukaa. Nilitamani ungekuwepo uuguse.

Na ukimtia mkulima humo, usimfanye malaika. Ana madeni. Nilipoacha mbolea ya dukani, miaka miwili mavuno yalishuka, na sokoni Marikiti hawakuulizi kama umepulizia dawa au la, bei ni ile ile. Ada ya kukaguliwa na kampuni, ili nithibitishwe kuwa situmii kemikali, ilinishinda. Kilichoniokoa ni kikundi: tunakaguana wakulima wenyewe, shamba kwa shamba, kwa kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007, tukapata alama ya Kilimohai. Wateja wa Kilimani wakaanza kuniamini. Sasa ni vikapu 22 kila Ijumaa, vinakwenda kwa boda, M-Pesa inaingia kabla. Karo yako ya muhula huu imetoka kwenye terere, kunde na managu. Nyanya hazikuchangia kitu.

Basi irudie ile sura ya tatu. Mweke mtu anayemwagilia saa kumi na moja alfajiri, anayejua tangi limebaki kiasi gani bila kulifungua. Ukikwama nipigie usiku. Mchana simu huwa naiacha nyumbani.

Ukija likizo, beba viatu vizee. Kuna mboji ya kugeuza.

Mama yako