Jeni kubadilika sio lazima iwe saratani

Mhariri, habari za kazi. Ukurasa wenu wa afya wiki hii umesema jeni ikibadilika tu saratani imeshaingia, jamani hapo mmetupoteza. Mimi nafanya kazi maabara hapa Dar, na kuna mzee mmoja wa Magomeni ana ile saratani ya damu inayoitwa lukemia sugu ya limfosaiti, inayowapata sanasana watu wazima, vipimo vikapelekwa India, majibu yakarudi kwamba jeni za kingamwili zimebadilika, basi nyumba nzima vilio, watoto wakaanza kunong'ona habari za wosia. Na hayo ndo yalikuwa majibu mazuri!

Iko hivi. Seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, ndo zinazotupa kingamwili, zile protini zinazoshika vijidudu, ukiugua au ukichanjwa zinakusanyika kwenye mitoki na wengu, na huko zinazibadilisha zenyewe jeni zao za kingamwili, makusudi kabisa, kwa kasi kama mara milioni moja ya jeni nyingine. Anayefanya hiyo kazi ni kimeng'enya kinaitwa AID, watu wa Profesa Tasuku Honjo kule Kyoto walikiripoti 1999, na hakipigi ovyoovyo, kina vipande vya DNA kinavyovipenda. Afu seli zinapepetwa kama mchele, yenye kingamwili kinachoshika vizuri inabaki, zingine zinakufa. Wewe mwenyewe mhariri unazo, na mzima wa afya.

Sasa seli ikigeuka lukemia inabaki na alama zake. Mwaka huohuo 1999 timu mbili, moja Uingereza moja Marekani, zikaonyesha kwamba wagonjwa ambao jeni hizo zimebadilika ugonjwa unawaendea polepole na wanaishi miaka mingi kuliko ambao hazijabadilika. Mstari ni asilimia 98, jeni ikifanana na ya kuzaliwa nayo kwa 98 au zaidi inahesabiwa haijabadilika, na huyo ndo wa kuangaliwa kwa karibu.

Sikatai, AID ikipiga pasipo pake ni balaa, ile limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B ya watoto wetu huku Afrika Mashariki, jeni ya MYC inayosukuma seli zigawanyike inahama na kwenda kukaa jirani na jeni za kingamwili. Ila hiyo ni habari nyingine kabisa na ya yule mzee.

Naomba toleo lijalo mrekebishe, madaktari wa damu wapo Muhimbili na Ocean Road, muulizeni hata mmoja kabla hamjachapa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam