Mpwa wangu, usiiuze lenzi kabla hujasoma hii

Marahaba, mpwa wangu. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikazitazama zile picha ulizonitumia, nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana nami nilipita njia hiyohiyo. Unasema lenzi niliyokupa, ile Helios 44-2 ya zamani ya kufokasi kwa mkono, ni mbovu, picha zote zimefifia, na unataka kuiuza ununue ile ya plastiki inayojifokasi yenyewe. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa si wewe wa kwanza kuniuliza, na vidole vimechoka kuandika jibu lilelile faraghani. Jina lako silitaji, kwa hiyo tulia.

Lenzi ni nzima. Kabla sijakukabidhi niliipitisha tochi ya simu kutoka nyuma hadi mbele: kioo hakina ule ukungu unaotambaa kama utando wa buibui, na vibapa vyake vinane vya kufungia tundu la mwanga havina mafuta. Picha zako zina makosa matatu, kila moja limejificha kwake.

Tuanze na ya bibi yako. Amecheka vizuri, mwanga wa jioni umemkaa, na majani ya nyuma yamezunguka kama maji yanayoingia shimoni. Mzunguko huo ndio uliowafanya watu waisake Helios 44-2 hadi leo, ingawa ilikuwa lenzi ya kawaida tu iliyokuja pamoja na kamera za Zenit, kwa mchoro ulionakiliwa kutoka Biotar, lenzi ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena. Sasa ikuze picha hiyo. Kipuli kimetoka kikali, mpaka mkwaruzo wake unauona. Macho yamelainika kama yamepakwa mvuke.

Unajitetea kwamba nukta nyekundu zilijaa usoni kote. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Ile pikingi ya kamera, inayopaka nukta hizo, haijui fokasi iko wapi. Inachotafuta ni kingo, mahali weusi na weupe vinapokutana kwa nguvu, kisha inapapaka rangi. Kipuli kinachometameta kando ya shavu ni karamu kwake, na kope zilizofifia kidogo nazo zinapata nukta zake. Kwenye f/8, tundu la lenzi likiwa dogo, uongo huo haukudhuru. Kwenye f/2, tundu likiwa wazi kabisa, ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, na kwa sensa (kipande kinachopokea picha) kubwa kama yako, sehemu iliyo kali haizidi sana sentimita 3 kwa jumla, mbele na nyuma. Toka kwenye kipuli hadi kwenye mboni ni mbali kuliko hapo.

Kwa hiyo ishushe pikingi hadi kiwango cha chini kabisa, au uizime. Halafu ingia kwenye menyu, chagua kitufe kimoja kilicho karibu na kidole gumba, ukipe kazi ya kukuza picha kwenye kidirisha cha kuchungulia. Likuze jicho lililo karibu nawe hadi uone kope mojamoja. Zungusha pete taratibu hadi kope ziwe kali, zipite, zififie, kisha urudi nyuma kidogo. Huo mwendo wa kupita na kurudi usiuache, kwa sababu bila kupita huwezi kujua kilele kilikuwa wapi. Ukishafika, pete usiiguse tena. Mtu akijisogeza kidogo, usogee wewe: inama mbele au rudi nyuma kwa kiuno. Utajiona kama unayumba. Yumba tu.

Kosa la pili liko kwenye picha ya mlima, na hili silikulaumu. Uliizungusha pete hadi mwisho, kwenye alama ya nane iliyolala, ile ya umbali usio na mwisho, ukaamini kila kilicho mbali kitakuwa kikali. Kwenye kamera ya zamani ungekuwa sahihi. Lakini wewe una adapta katikati, kile kiunganishi cha lenzi na kamera.

Nikueleze kidogo, maana ukishaelewa hapa hutahangaika tena. Lenzi za skrubu ya M42, kama hii yako, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, kwa sababu kamera za wakati ule zilihitaji nafasi ya kioo kinachopinduka juu kila unapobonyeza. Kamera yako haina kioo hicho, na mdomo wake wa kushikia lenzi, wa Sony E, uko milimita 18 tu kutoka kwenye sensa. Pengo linalobaki ni milimita 27.46, na adapta ni bomba tupu la urefu huo. Ndani hamna lenzi wala waya. Ndiyo maana tangu Panasonic walipotoa G1 mwaka 2008, kamera ya kwanza ya ukoo huu usio na kioo cha kupinduka, lenzi zilizokuwa zimesahauliwa kwenye masanduku zikaanza kutafutwa upya: karibu yoyote unaweza kuirudisha kwenye umbali wake kwa kipande cha chuma.

Ila kipande hicho kikizidi urefu hata kidogo, lenzi haitafika mbali kabisa, na mlima hautakuwa mkali hata ufanyeje. Basi watengenezaji wengi wanakikata kifupi kwa makusudi, kuwa upande wa salama. Matokeo yake ni kwamba ukizungusha pete mpaka igote, umeshaupita mlima. Namba za mita zilizochongwa kwenye lenzi nazo zinakuwa za kukisia tu. Usiku wowote wenye nyota, toka nje, ikuze nyota moja kwenye kidirisha, fokasi mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha weka doa la rangi nyeupe kwenye pete mahali hapo. Doa hilo ndilo alama yako ya mbali. Ukibadilisha adapta, ulifute uanze upya.

La tatu ni picha ya mtoto anayekimbia kivulini, na kwa hili nimelazimika kufanya upelelezi. Faili halisemi tundu la lenzi lilikuwa f ngapi, kwa kuwa lenzi haina mdomo wa kuiambia kamera. Lakini limeandika ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) na shata 1/15, yaani sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Mchana, kivulini, kasi hiyo inaoana na f/16. Nikajua umepigwa na zile pete mbili.

Kwenye 44-2, pete moja inatoa mlio wa tiki-tiki na nyingine inateleza kimya. Ya mlio haifungi chochote. Inaweka mpaka tu, kwamba tundu lisifungwe kupita hapa. Ya kimya ndiyo inayofungua na kufunga. Mpango wake ulikuwa wa busara: unafokasi tundu likiwa wazi ili uone vizuri, halafu unateleza hadi mpaka bila kuondoa jicho, unapiga. Wewe uliacha mpaka kwenye 16, ukateleza bila kujua, na kidirisha hakikukuonya, kwa sababu kamera za siku hizi zinang'arisha picha zenyewe hata mwanga ukipungua. Jizoeze kutazama namba ya shata kabla ya kubonyeza. Ikiwa ndogo kupita kiasi, kuna pete imecheza.

Na hapohapo, kwenye menyu ya kituliza mtikisiko, andika milimita 58, urefu wa fokasi wa lenzi hii, kwa mkono wako. Kamera haiwezi kujua. Mimi niliwahi kumaliza safari nzima na lenzi ya milimita 28 huku menyu ikisoma 200, iliyobaki kutoka lenzi niliyoitumia kabla. Kamera ikawa inanituliza kwa pupa, inasukuma sensa kuliko mkono wangu ulivyotikisika. Karibu picha zote za jioni zilitoka na vivuli pacha. Sikumwambia mtu kwa miezi.

Mtoto anayekimbia usimfukuze kwa pete, hutamweza. Weka f/8, ISO ipande hadi shata ifike walau 1/500, tafuta ufa au jiwe lililo mita 3 kutoka ulipo, ulifokasie hilo, na usubiri. Kwa lenzi hii, kuanzia kama mita 2.5 hadi karibu 3.8 kutakuwa na ukali wa kutosha. Atapita tu. Watoto hupita palepale mara kumi.

Umeniuliza pia habari za mionzi, nadhani kuna mtu amekutisha. Hiyo ni habari ya lenzi nyingine, kama baadhi ya Takumar za milimita 50 f/1.4 zilizowekewa kioo chenye thorium, madini yanayotoa mionzi. Kioo hicho hugeuka manjano kwa miaka, na watu hukianika chini ya taa ya urujuanimno kipungue rangi. Tusihamie huko leo.

Sitakudanganya kwamba Helios itaishinda ile ya plastiki. Haitaishinda. Pembeni mwa picha ni laini, jua likiiingilia kwa mbele inapauka yote, na kwa kazi ambayo mtu amekulipa nami ningeiacha kwenye begi. Nilikupa kwa sababu nyingine. Zile picha zako za mwaka jana zilikuwa kali zote na sikumbuki hata moja. Za juzi zimefifia, lakini ile ya bibi yako ulisimama, ukaamua, ukakosea kwa sentimita chache, na naweza kuonyesha kwa kidole ulipokosea.

Kaa nayo mwezi mmoja, lenzi hiyo peke yake. Ikikushinda nirudishie, usimuuzie mtu. Na bibi akikubali kukaa tena jioni, mwambie avue vipuli.

Mjomba wako