Salamu za shukrani kwa waliomsitiri mpiga ganuni wetu, na waliomlea

Assalaam alaykum warahmatullah.

Familia ya marehemu mzee wetu, mpiga ganuni (ala ya nyuzi nyingi ilalayo mapajani) na fundi wa ala za taarabu wa Mwembetanga, Unguja, inawashukuru nyote mlioshiriki nasi tangu siku ya mazishi hadi hitma ya siku ya tatu. Mliomuosha na kumkafini, mliochimba kaburi na kupanga viunza Mwanakwerekwe, mliopokezana jeneza, masheikh mliomswalia na kumsomea, majirani mliotandika majamvi na kutuachia barza zenu, kina mama mliokesha na masufuria, ndugu mliovuka kwa boti kutoka Pemba na Dar es Salaam: Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Rambirambi zilitosha turubai, maji, kahawa na chakula cha siku zote tatu. Kilichobaki amekabidhiwa mjane, ambaye yuko edani miezi minne na siku kumi. Kina mama mnakaribishwa kumzuru. Wanaume tunaomba mtume salamu kupitia watoto wake.

Shukrani hizo kila nyumba ya msiba huzitoa, na ni haki. Zinazofuata ni za deni la zamani zaidi. Wengi waliokaa barazani walisema mzee alizaliwa na kipaji. Hatubishi, ila ganuni haikai sawa kwa kipaji. Ina safu 26 za nyuzi, kila safu nyuzi tatu za sauti moja, jumla 78, na kila uzi una mtu aliyehangaika nao. Watu hao hawapandi jukwaani na majina yao hayatajwi kwenye redio. Nao wenyewe hawapendi kutajwa, kwa hiyo tutawataja kwa kazi zao.

Wa kwanza ni mwalimu wake, aliyetangulia mbele ya haki zamani, na watoto wake walio hai. Hakumruhusu kuvaa pete na risha, vile vipande vya kupigia nyuzi, mpaka aweze kuilinganisha ganuni nzima bila msaada. Namna aliyomfundisha ndiyo iliyofundishwa wanafunzi wote waliopita uani kwetu: kwanza vibati vyote vya kupandishia sauti viwe katika hali moja, maana kimoja kikisahauliwa juu, safu yake italinganishwa uongo. Kisha chukua sauti kwenye kodiani, kwa kuwa yenyewe haibadiliki kwa joto la mikono wala kwa upepo. Linganisha uzi mmoja wa safu huku umeziba wenzake kwa kidole, halafu wa pili, halafu wa tatu. Piga zote tatu pamoja. Ukisikia sauti inapepea, bado. Ukifika safu ya 26 rudi mwanzo, usiinuke. Mkazo ulioongeza njiani umeikandamiza ngozi, na safu za mwanzo zimeshuka. Anayelinganisha mara moja tu akaona amemaliza, bashraf, muziki wa ala tupu wa kufungulia shughuli, haijafika katikati ganuni imekwisha mponyoka.

Mwalimu huyo pia ndiye aliyemkatia risha zake za mwanzo, za pembe ya ng'ombe, akazisugua kwa msasa laini mpaka ncha ikawa na ulaini kidogo. Risha ndefu hukwama kwenye uzi na pigo likachelewa. Fupi mno, kucha ndizo zinazopiga. Zamani zilikatwa kwa gamba la ng'amba. Kasa huyo sasa analindwa, na kusema kweli pembe au plastiki ngumu haipungukiwi na kitu.

Kulea namna hii si jambo jipya visiwani. Inajulikana kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, naye aliporejea akawafundisha wenzake. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilipoundwa 1905 ilikuta mbegu imekwishapandwa. Mtu mmoja alisafirishwa, akafundishwa, akafundisha; mpaka leo hatujaona njia nyingine iliyofaulu zaidi.

Wavuvi na wauza zana za uvuvi wa Malindi, nyinyi mna haki kubwa kuliko mnavyodhani. Nyuzi za ganuni huagizwa Misri au Uturuki, na zikikosekana kazi husimama. Nyinyi ndio mliokuwa mkimkatia mshipi wa nailoni kwa mita, tangu unene wa takriban nusu milimita kwa sauti za juu hadi karibu milimita moja kwa za kati. (Sauti za chini kabisa hazidanganyiki kwa mshipi, lazima uzi uliozungushiwa waya.) Mlimvumilia akiuvuta mshipi wote baina ya kidole na gumba, akikataa pande lenye chubuko au lililokaa limejikunja. Haikuwa ubishi wa mteja. Uzi usio na unene mmoja unaweza kulingana na wenzake ukiwa wazi, lakini kibati kikiinuliwa tu unakwenda njia yake. Asanteni pia kwa kumwelewa kila alipokuja kuchukua mshipi siku nyingi kabla ya harusi. Uzi mpya huendelea kulegea siku kadhaa, hivyo hautiwi siku ya shughuli ila ule wa zamani umekatika.

Fundi seremala wa mtaani, rafiki yake wa miaka yote, tunakushukuru kwa ngozi na kwa vigingi. Wasioijua ala hii huona ubao na nyuzi. Upande wa kulia kuna vidirisha vinne au vitano vilivyowambwa ngozi, ya samaki ikipatikana, ya mbuzi mchanga iliyokunwa ikikosekana, na daraja la nyuzi limesimama juu ya ngozi hizo kwa miguu midogo. Linashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Atakayelegeza nyuzi zote kwa pamoja ili asafishe vumbi ataliona limelala, na mguu mmoja umetoboa ngozi. Nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja.

Masika ndiyo iliyokuwa ikiwakutanisha nyinyi wawili zaidi. Ngozi hunywa unyevu, inabonyea, daraja linashuka, na ganuni nzima inashuka nalo. Asiyejua hukimbilia ufunguo akakaza vigingi vyote. Mvua ikikatika na jua likiwaka, ngozi inajivuta, na usiku watu wanaamshwa na nyuzi zinazokatika peke yake. Dawa ni kungoja, kuihamishia ala chumba kikavu, kisha kulinganisha kidogo kidogo kwa siku mbili tatu. Na kigingi kinachoteleza hakigongwi kwa nyundo, kwani ubao wa vigingi utapasuka kwa urefu, wala hakipakwi mafuta hata tone. Hupakwa chaki kavu. Chaki ikishindwa, huchongwa kingine chenye unene zaidi kidogo. Wewe fundi ulivichonga bila kudai malipo mpaka klabu ilipolipwa, na mara nyingine klabu haikulipwa.

Mshairi wake, ambaye hadi juzi alikuwa akija na daftari lake baada ya swala ya alasiri, tunakushukuru kwa jambo ambalo washairi wengi hulionea uchungu: kukubali kubadilisha. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ya wimbo haijali hilo. Chukua kipande kama “Moyoni nina mashaka”. Mkazo uko kwenye “yo”. Iwapo sauti inaangukia na kurefuka kwenye silabi ya kwanza, msikilizaji atahisi neno limepinda hata kama hajui kwa nini. Wewe ulikuwa ukileta “Moyo wangu una shaka”: mizani minane ileile, kina kilekile cha “ka”, na mkazo umehamia kwenye “mo” panapotakiwa. Mshairi mwingine angeambia wapigaji wabomoe sauti nzima. Nyimbo alizotia sauti mzee wetu zinaimbika kirahisi kwa sababu hiyo, na sifa hiyo tunaomba igawanywe mara mbili.

Wenzake wa klabu, waimbaji, wapigaji fidla, udi, dumbak na rika, mlioketi kimya wakati ganuni inalinganishwa huku wenye harusi wakiuliza mbona hamwanzi. Mliomshikia taa umeme ulipokatika. Mliohakikisha ndani ya gari hakuna mkoba unaowekwa juu ya ganuni, kwa kuwa vibati vikipinda hunyooshwa kwa taabu na baadhi havinyooki tena. Na nyinyi mashabiki mliotunza: tunzo zenu ndizo zilizonunua nyuzi za waya.

Majirani, tunajua kulinganisha si kupiga. Kupiga kuna raha yake. Kusikia uzi mmoja ukivutwa na kuachiwa robo sauti juu, robo sauti chini, baada ya isha, ni mtihani. Mlivumilia.

Mjane wake hatamsoma mtu akimshukuru bila kusema “kwani nimefanya nini”, basi tuseme alichofanya. Ganuni haikuegemezwa ukuta wa nje hata siku moja, kwa kuwa kuta za chokaa na mawe ya nyumba zetu hutoa unyevu. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kanga kavu, mbali na dirisha la upepo wa bahari na mbali na chetezo. Kila ikirudi shughulini nyuzi za waya zilipanguswa usiku uleule, kabla ya kulala, kwa kuwa jasho na chumvi ya hewa huzila zikapoteza mlio. Vigingi vya ganuni hiyo bado vinashika.

Wanafunzi wake, kazi ni yenu. Kwa vijana waliotuuliza msibani wapi pa kuanzia sasa: Unguja kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002, na kuna klabu ambazo wazee hufundisha kwa sikio. Maoni yetu ni kwamba mtu aende kote kuwili. Nota itamsaidia kukumbuka bashraf ndefu. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama bayati na rast, zenye sauti zilizo kati ya vibonyezo vya kinanda, atazipata kwa kukaa karibu na mkono wa mtu.

Sasa maombi yetu, ndipo tuwaache.

Wenye kanda za kaseti za mzee, tunaziomba kwa azima tupate kuzinakili, na kila kanda itarudi kwa mwenyewe. Msizipige kwanza ili kuzijaribu. Iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa inaweza kuwa imegandana, na mashine itaitafuna. Vunjeni vile vibao viwili vidogo vya nyuma ya kaseti, isije ikarekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Mkiona ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, msiufute kwa kitambaa chenye maji. Ifungeni peke yake kwenye karatasi, mbali na nzima, kwa sababu ukungu huambukiza. Sifongo la kukandamizia utepe likiwa limedondoka, lileteni pamoja nayo au mtuambie tu: utepe utahamishiwa kasha jingine la skrubu. Andikeni kwa penseli jina la wimbo, klabu na mwaka kama mnaukumbuka. Kama hamuukumbuki, msikisie.

Wenye ala zilizoachwa kwa matengenezo mje mzichukue nyumbani, jioni baina ya alasiri na magharibi. Zipo udi tatu, moja ikiwa na tumbo lililofunguka mshono, fidla mbili zisizo na daraja, na kodiani moja yenye mfuko uliochanika. Ziko kama zilivyoletwa, hazikuguswa. Mwenye ala aeleze alama yake kabla hajaoneshwa. Aliyekwishalipa malipo ya awali atarejeshewa pesa zake. Daftari la mzee lipo na limeandikwa vizuri.

Na mwenye kumdai marehemu, kwa fedha, kwa nyuzi, kwa mbao au kwa ahadi, asione haya msibani. Aje kwa mtoto wake mkubwa wa kiume kabla ya arubaini, ili tumlipie. Anayedaiwa na marehemu naye tunamkumbusha kwa heshima.

Wassalaam,
Wanafamilia, Mwembetanga, Unguja