Leseni ya GPL si ombi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu kampuni na programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu anaeleza kana kwamba kutoa mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, ni hisani. Kwa programu zilizo chini ya GPL, leseni inayomruhusu kila mtu kuzibadilisha na kuzisambaza kwa sharti kwamba atoe na msimbo wake, kikiwemo kiini cha Linux kinachoendesha simu za Android, huo ni wajibu. Anayebadilisha programu kwa matumizi yake ya ndani hadaiwi kitu. Anayeisambaza ndiye anayedaiwa: toleo la pili la leseni hiyo, la mwaka 1991, linamtaka aambatishe msimbo, au atoe ahadi ya maandishi, ya muda usiopungua miaka mitatu, kwamba atampa yeyote atakayeuomba kwa malipo yasiyozidi gharama ya kuufikisha.

Mimi ni fundi wa mitandao, na ahadi hiyo nimeijaribu. Niliifungia shule moja ruta, vifaa vya kugawa mtandao, za kampuni ambayo sitaitaja, zikawa zinajizima kila wanafunzi wanapoingia mtandaoni kwa wingi, nami nikaandika kuomba msimbo kama kijitabu chao kilivyoahidi, kwa herufi za kumtesa mwenye miwani, katika ukurasa wa mwisho. Nikajibiwa kwamba nizime na kuwasha. Nilipoeleza kwamba sikuuliza namna ya kuwasha ruta, nikatakiwa nitaje nilikonunua na sababu ya udadisi wangu, na hatimaye nikaambiwa kwamba msimbo ni siri ya kampuni. Siri! Kazi iliyoandikwa na maelfu ya watu, ikawekwa hadharani kwa sharti moja jepesi, inabandikwa nembo, inauzwa Kariakoo na Luthuli, kisha inageuka siri ya mtu aliyeongeza mistari michache na kuiharibu.

Hoja kwamba uwazi huua biashara ni dhaifu. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilibanwa ikatoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G; humo ikazaliwa OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, na ruta yenyewe ikaendelea kununuliwa kwa miaka mingi, kwa sababu hasa mafundi waliweza kuifungua na kuirekebisha.

Taasisi zetu za umma nazo zinanikera. Zinanunua vifaa hivi kwa fedha za walipakodi, kisha vikikosa masahihisho ya usalama, na msimbo wa kuvirekebishia haupo, vinarundikwa stoo vikiwa vizima.

Napendekeza kila zabuni izuie malipo ya mwisho mpaka muuzaji alete msimbo, na fundi wa taasisi, mbele ya mtunza stoo na mhasibu, aujenge upya kuwa programu, aipakie kwenye kifaa kimoja kilichochaguliwa bila mpangilio, na kifaa hicho kiwake. Kisipowaka, muuzaji ashauriwe azime na kuwasha.

Fundi wa mitandao,
Tanga