Madini ya chai yatusaidie kuitambulisha chai ya Uganda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu chai ya eneo gani ina madini mengi zaidi, kwa maana nimewasikia wauzaji hapa Fort Portal wakiwahakikishia wateja kwamba chai ya milimani huongeza damu kwa kuwa ina chuma kingi.

Dai hilo si sahihi na lina madhara. Sehemu kubwa ya chuma kilichomo katika jani hubaki kwenye makapi, na tanini za chai, yaani viambato vinavyoipa ukali, hukishika chuma cha maharage na mboga tulizokula, kisifyonzwe vizuri mwilini; kwa hiyo mama mjamzito anayeshushia chakula kwa chai mukalu, yaani chai isiyo na maziwa, hujinyima kile anachodhani anakipata, na ingekuwa heri asubiri walau saa moja baada ya mlo. Potasiamu ndiyo hutoka kwa urahisi majini, lakini kikombe cha robo lita kina takriban miligramu 90 tu, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate zisizopungua 3,510 kwa siku. Manganisi ndiyo hasa tunayoipata kwa kiasi cha maana.

Hata hivyo, ni kweli kwamba eneo hubadilisha madini. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hiyo huyeyusha manganisi na alumini, mizizi ikazinyonya, hata jani likabeba alama ya udongo uliolilea. Na udongo wa volkano wa Kisoro si sawa na udongo mwekundu wa Mityana. Ila uchumaji nao una nguvu yake. Alumini, manganisi na floridi hurundikana katika majani yaliyokomaa, ilhali potasiamu huwa nyingi zaidi katika machanga, hivyo shamba lililochumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi, halitatoa chai ile ile likikatwa kwa mashine inayozoa na majani magumu. Anayelinganisha nchi na nchi bila kueleza majani yalichumwaje anatupotosha.

Mimi nayathamini madini haya kwa sababu nyingine. Wataalamu hupima madini mengi kwa pamoja na kutambua chai ilikuzwa wapi, nasi tunauhitaji sana ushahidi huo, kwani chai yetu nyingi hupelekwa mnadani Mombasa, huchanganywa na ya nchi nyingine, na jina la Uganda hupotelea humo. Naiomba taasisi ya utafiti ya Rwebitaba ikusanye sampuli za Kyenjojo, Buhweju, Kanungu, Mityana na Kisoro, zilizochumwa kwa namna moja na katika msimu mmoja, izipime, kisha itutangazie matokeo sisi wakulima kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mkulima wa chai,
Kyenjojo