Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa kamati ya maji: floraidi ya kisima chetu na barua iliyokaa kabatini

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika, nanyi mliobanwa na shamba mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu: habari za mwaka.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi naanza na barua. Majibu ya maabara kuhusu kisima chetu kirefu yalifika ofisini mwezi wa tatu, yakionyesha floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi majini, miligramu 3.6 kwa lita. Katibu alinipigia simu, nikamwambia ayaweke kwenye faili tuyajadili kikaoni. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa mvua, cha pili kikakosa akidi. Barua ikatoka kabatini mwezi wa nane. Muda wote huo vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, vya upande wa chini vilitoa maji yale yale, na sisi tukapokea hela ya kila ndoo. Kosa hilo ni langu kabla halijawa la kamati. Naomba radhi.

Kikaoni kuna mjumbe alitutetea: miaka yote tumekuwa chini ya nne. Ni kweli, kiwango cha juu cha zamani nchini Tanzania kilikuwa miligramu 4, na vijijini ziliruhusiwa hata 8 kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Lakini tangu 2018 kiwango ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kisima chetu kimezidi zaidi ya mara mbili, na utetezi ule naomba tusiurudie.

Mwaka huu nilikuwepo darasa la saba walipopigwa picha ya kuhitimu. Mpiga picha akawaambia watabasamu. Wasichana wanne wa safu ya mbele wakapandisha viganja midomoni kwa pamoja, kama walioambizana. Mnajua kwa nini. Meno ya kudumu huumbika ndani ya fizi mpaka mtoto afike miaka minane hivi. Yakishatoka na rangi ya kahawia, hakuna mswaki wa kuiondoa. Na kwa wanaokunywa floraidi nyingi miaka mingi, madhara huingia hadi kwenye mifupa.

Tatizo ni kwamba maji haya ni meupe, hayana harufu wala ladha mbaya. Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanapopenya ardhini yanaiyeyusha. Kina mama wengi wameniambia wao wanachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, endeleeni, lakini floraidi haipandi na mvuke: sufuria ikipungua nusu, kilichobaki kina floraidi mara mbili. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yanaongeza. (Nyumbani kwangu hili limeleta mzozo ambao haujaisha.)

Sasa mgao, ambao mmeulalamikia sana. Chemchemi ya juu ina miligramu 0.9. Tunachanganya kwenye tenki sehemu nne za chemchemi kwa moja ya kisima. Hesabu inatoa 1.44, na maabara ilisoma 1.4. Kiangazi chemchemi ikipungua, hatuwezi kufungulia kisima ili kufidia, ndiyo maana mlipata maji kwa zamu. Fundi hakuwa mvivu wala pampu haikuwa mbovu. Koki zilizopakwa rangi nyekundu zinatoa maji ya kisima pekee, ni za kufulia, mifugo na ujenzi. Watoto wameshazipa jina, koki za ng'ombe, na jina hilo linafanya kazi kuliko tangazo letu.

Jikoni shuleni na kwenye zahanati tumeweka vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto kimeifanyia utafiti muda mrefu. Mifupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo. Ikiiva vibaya maji yananuka, ikiungua hadi kuwa myeupe haishiki floraidi vizuri. Walioniuliza ni mifupa ya mnyama gani, ni ya ng'ombe, kutoka machinjioni. Mkaa huo huchoka, na ukichoka maji hupita tu, kwa hiyo lazima kichujio kipimwe na mkaa ubadilishwe. Fedha yake haimo kwenye bajeti mliyopitisha mwaka jana.

Chemchemi ilikutwa na vimelea baada ya masika, ng'ombe waliingia. Tumejenga uzio na kuongeza klorini. Anayekata seng'enge kupitisha mifugo tunamjua, na leo yupo ukumbini.

Kamati inaomba mpigie kura mambo mawili: nyongeza ya shilingi kumi kwa kila ndoo kwa ajili ya vipimo na mkaa, na kanuni kwamba majibu yoyote ya maabara yabandikwe kwenye kila kilula na kusomwa kanisani na msikitini ndani ya siku saba, kikao kiwepo kisiwepo. Majibu ya mwezi uliopita yapo mlangoni, upande wa kulia mnapotoka.